Jinsi ya kutoa vifaa vya wasioona forodhani bila kulipa ushuru usiokuhusu

Anayenipigia simu kuhusu fimbo nyeupe, mashine za nukta nundu (Braille) au saa zinazotamka muda huanza karibu kila mara hivi: "Mama, si nasikia hivi vitu vimesamehewa kodi?" Nami humrudishia swali: kilichosamehewa ni kifaa, ni wewe, au ni taasisi yako? Jibu la hapo ndilo litakaloamua mzigo utoke kwa wiki moja au ulale stoo hadi gharama za kuuhifadhi zizidi bei ya mzigo wenyewe.

Mimi ni wakala wa forodha, Dar es Salaam. Mkate wangu wa kila siku ni vipuri vya magari na vigae vya sakafu. Haya mambo ya wasioona yaliniingia kupitia mtoto wa dada yangu, mwenye uoni hafifu. Shule yake ilipewa msaada kutoka ng'ambo na hakuna mwalimu aliyejua pa kuanzia. Tangu hapo walimu wakapeana namba yangu. Nimechoka kurudia maneno yaleyale kwenye simu, basi nayaandika. Nazungumzia Tanzania Bara hasa, ingawa sheria ya forodha ni moja kwa Jumuiya yote ya Afrika Mashariki, na msomaji wa Kenya au Uganda atajikuta humu.

Kwanza tazama kama unahitaji msamaha

Watu hukimbilia kuomba msamaha kabla ya kujua kifaa chao kinatozwa nini. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi: sifuri, asilimia 10, asilimia 25, na tangu Julai 2022 kuna ngazi ya asilimia 35. Kompyuta iko sifuri. Kwa hiyo ukileta kompyuta mpakato ili uiwekee programu ya kusoma skrini, usiandike barua ya kuomba usamehewe ushuru ambao haupo. Na programu yenyewe, ukiipakua kwenye intaneti, haipiti kwa ofisa forodha yeyote. NVDA, mojawapo ya programu hizo, ni ya bure kabisa.

Kifaa cha kuonyesha nukta nundu, kile kinachounganishwa na kompyuta au simu na kuinua vipini vidogo chini ya vidole, kwa kawaida mimi hukitamka, yaani hukiandikisha forodhani, kwenye kichwa cha 8471 (kichwa ni namba ya kundi la bidhaa kwenye kitabu cha ushuru), pamoja na kibodi na vifaa vingine vya kuingizia na kutolea taarifa. Printa ya nukta nundu huenda na printa nyingine, 8443. Vitabu vya nukta nundu ni vitabu: 4901. Wapo wanaodhani kitabu bila wino si kitabu kilichochapwa. Kwa mfumo wa forodha wa dunia, maandishi yaliyoinuliwa kwa ajili ya wasioona nayo ni uchapaji.

Sasa njoo kwenye vile vinavyouma. Fimbo nyeupe haina namba yake. Inaingia 6602 pamoja na bakora za wazee, viti vya fimbo na mijeledi ya kuendeshea farasi. Ndiyo, fimbo ya asiyeona na mjeledi wa farasi ni ndugu wa baba mmoja kwenye kitabu kile. Saa inayotamka ni saa kama saa nyingine, sura ya 91. Kioo cha kukuza maandishi, cha kushika mkononi, ni 9013. Mashine ya kuandikia nukta nundu ilikuwa 8469 pamoja na taipureta zote, lakini kichwa hicho kilifutwa katika toleo la mwaka 2017 na taipureta zikahamishiwa 8472. Naitaja kwa sababu bado naona orodha za zamani zikizunguka kwenye simu za walimu, na wafadhili huinakili 8469 kwenye ankara kama walivyoipata miaka hiyo. Mfumo wa TRA, Mamlaka ya Mapato, hauitambui. Wakala mvivu ataona imekataa, atachagua namba yoyote inayokubali, na hapo kifaa chako kimeshageuka kitu kingine kabisa kabla hujaomba chochote.

Kwa nini nang'ang'ania namba? Tuseme kifaa kimefika bandarini kikiwa na thamani ya dola 500, pamoja na nauli na bima, na kiko kwenye asilimia 25. Ushuru ni dola 125. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 haipigwi kwenye 500 bali kwenye 625, yaani dola 112 na nusu. Jumla dola 237 na nusu, karibu nusu ya bei ya kifaa, kabla ya tozo ndogondogo. Ukisamehewa ushuru peke yake, VAT inashuka hadi dola 90, lakini ipo. Hapa ndipo wengi hupigwa na butwaa: wana barua ya msamaha mkononi na bado mfumo unadai hela. Msamaha wa ushuru wa forodha unatoka kwenye sheria ya Jumuiya. VAT ni sheria ya nchi, ya mwaka 2014, na jedwali lake lina sehemu ya vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya watu wenye mahitaji maalumu. Kifaa kinaweza kuwemo huku kikakosekana kule. Ada ya uchakataji wa forodha na tozo ya reli nazo zina masharti yao. Ukiandika barua, itaje kila kodi kwa jina lake. Ukiandika "naomba msamaha wa kodi", utapewa jibu la kodi moja.

Kitu kingine kuhusu VAT: bajeti husomwa Juni, na Julai mosi jedwali linaweza kuwa limebadilika. Usitumie orodha aliyokupa mwenzako mwaka juzi.

Milango miwili ya sheria

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina Jedwali la Tano. Sehemu A ya jedwali hilo inataja watu na taasisi zinazosamehewa, na humo ndimo walimo watu wenye ulemavu na wasioona. Kuna milango miwili, na lazima ujue unaingilia upi.

Mlango wa kwanza ni wa vifaa vilivyobuniwa mahususi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu. Hapa kinachotazamwa ni umbile la kifaa. Mashine ya nukta nundu haina matumizi mengine duniani. Fimbo nyeupe inayokunjwa, yenye ncha ya kubingirika, hali kadhalika. Lakini simu ya kawaida, hata kama asiyeona anaitegemea kusomewa kila kitu, haikubuniwa mahususi kwa ajili yake, na kinasa sauti cha kawaida pia hakikubuniwa hivyo. Usipoteze nguvu zako hapo.

Mlango wa pili ni wa vitu vinavyokusudiwa kuendeleza elimu, sayansi au utamaduni wa watu wenye ulemavu, vikitumiwa na taasisi iliyokubaliwa na serikali kwa ajili ya msamaha huo. Hapa kinachotazamwa ni nani anapokea na atavifanyia nini. Mtu binafsi hapiti mlango huu. Shule inapita, chama cha wasioona kinapita, mradi kikubaliwe.

Mlango huu wa pili una historia ndefu kuliko Jumuiya yenyewe. Mwaka 1950 UNESCO ilipitisha mkataba huko Florence wa kuondoa ushuru kwenye vitu vya elimu, sayansi na utamaduni, na kiambatisho chake E kinahusu vitu vya wasioona: vitabu vya maandishi yaliyoinuliwa, na vifaa vingine vinavyoagizwa moja kwa moja na taasisi za wasioona zilizokubaliwa. Mwaka 1976 ukaongezewa itifaki iliyopitishwa Nairobi, hapa hapa kwetu. Tanzania iliingia kwenye mkataba wa Florence miaka ya 1960. Sikushauri uende dirishani ukimhubiria ofisa habari za Florence, atakuona mjuaji, lakini kwenye barua ya rufaa mstari mmoja wa mkataba huo haujawahi kumdhuru mtu.

Kifaa kinachonisumbua kuliko vyote ni karatasi. Mashine inaonekana, karatasi je? Karatasi ya nukta nundu ni nene kuliko ya kuchapia, lazima ishike nukta isitoboke wala isilale, na bila hiyo mashine ni chuma cha kuzuia mlango. Lakini mbele ya ofisa ni karatasi nyeupe tupu, marobota kwa marobota, na huko nje wachapaji wangeipenda sana kwa bei isiyo na ushuru. Kwa hiyo karatasi usiipitishe mlango wa kwanza. Ipitishe wa pili, kwa jina la shule, na uambatanishe hesabu: shule ina wanafunzi wangapi wanaotumia nukta nundu, kila mmoja anatumia karatasi ngapi kwa muhula, na mzigo huu utawatosha hadi lini. Kiasi kikilingana na wanafunzi, ubishi hupungua sana. Kontena zima la karatasi kwa shule yenye wasioona wachache, hata mimi ningeuliza.

Vipuri navyo vinahitaji akili hiyohiyo. Mashine ya Perkins, ile ya kuandikia nukta nundu, ni ngumu na inatengenezeka. Ndiyo maana zile za zamani bado zinaletwa kama msaada zikiwa zimetumika. Spring na skrubu zake peke yake kwenye bahasha hazisemi ni za nini. Andika aina ya mashine, na ikiwezekana namba za mashine zinazosubiri vipuri hivyo.

Ankara ndiyo inayozungumza badala yako

Siku moja ofisa kijana alifungua boksi mbele yangu akaona mashine ya Perkins: vitufe tisa tu, sita vya nukta, kimoja cha nafasi, kimoja cha kurudi nyuma, kimoja cha kushusha mstari. Akaniuliza, "Mama, hii ni kinanda cha watoto?" Nikamwambia, "Hapana mwanangu, hiyo ni kalamu ya mtu asiyeona." Tukacheka, nikamwonyesha inavyopiga nukta kwenye karatasi. Lakini ankara ilikuwa imeandikwa "taipureta" na idadi, basi. Kijana hakuwa na kosa. Alisoma kilichoandikwa.

Mwandikie muuzaji au mfadhili kabla hajasafirisha. Mwambie kila mstari wa ankara useme mambo matatu: kifaa ni nini, kimebuniwa kwa ajili ya nani, na aina au modeli yake. Si "fimbo", bali "fimbo nyeupe ya kukunja kwa ajili ya watu wasioona", na urefu wake. Si "saa", bali "saa ya mkononi inayotamka muda, kwa wasioona". Si "karatasi", bali "karatasi ya kuandikia nukta nundu", na uzito wake kwa mita ya mraba. Maelezo hayohayo yarudiwe neno kwa neno kwenye orodha ya vifurushi na kwenye hati ya shehena. Nyaraka tatu zikisema maneno matatu tofauti, umejitengenezea kesi.

Usikubali mfadhili aandike thamani sifuri. Wazungu wengi wema huandika "haina thamani ya kibiashara" wakidhani wanakusaidia. Forodha haina mzigo usio na thamani. Ofisa akikosa bei ya kuaminika, sheria inampa njia nyingine za kukadiria, akianza na bei ya bidhaa inayofanana kabisa, kisha inayokaribiana nayo. Makadirio yake hayatakufurahisha. Iandikwe thamani halisi, na chini yake maneno kwamba ni msaada, hauuzwi, na thamani imetajwa kwa matumizi ya forodha tu.

Halafu jina la mpokeaji. Hili limeharibu mizigo mingi kuliko bei. Mfadhili anamfahamu mwalimu mmoja, au padri, au kijana aliyemwandikia barua pepe, basi anaandika jina lake kwenye hati ya shehena. Msamaha unaombwa na shule. Mfumo unamwona mtu binafsi. Kubadilisha jina mzigo ukiwa umefika kunamhitaji msafirishaji wa kule, kampuni ya meli na marekebisho ya manifesti (orodha ya mizigo ya meli), na kila mmoja ana ada yake na mwendo wake. Jina la mpokeaji liwe lile lililo kwenye cheti cha usajili na kwenye TIN (namba ya mlipakodi), herufi kwa herufi. Kama shule inaitwa "Shule ya Msingi Mchanganyiko" fulani, neno Mchanganyiko lisiachwe.

Barua na viambatisho

Omba mapema. Nakala ya ankara na orodha ya vifurushi vinatosha kuanza kuandaa maombi hata kabla meli haijang'oa nanga. Ukisubiri mzigo ufike ndipo uanze kutafuta mihuri, unashindana na saa: sheria inakupa siku 21 tangu kuanza kupakuliwa kutoa tamko la mzigo, lakini bandari na wenye kontena hawasubiri siku 21 kuanza kuhesabu gharama zao. Hizo gharama hazina msamaha kwa mtu yeyote, awe anaona au haoni.

Barua huwa naiandika kwa umbo hili. Ichukue, badilisha yaliyo yako:

*Kamishna wa Forodha na Ushuru wa Bidhaa,*
*Mamlaka ya Mapato Tanzania,*
*Dar es Salaam.*

*YAH: MAOMBI YA MSAMAHA WA USHURU WA FORODHA NA VAT KWA VIFAA VYA WANAFUNZI WASIOONA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Shule yetu, yenye usajili namba … na TIN …, ina wanafunzi … wasioona na … wenye uoni hafifu. Tumepokea msaada wa vifaa vilivyoorodheshwa kwenye ankara namba … ya tarehe …, vitakavyofika kupitia bandari ya … kwa hati ya shehena namba ….*

*Tunaomba vifaa vilivyo kwenye mstari wa … hadi … visamehewe ushuru wa forodha chini ya Jedwali la Tano, Sehemu A, la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kwa kuwa vimebuniwa mahususi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu. Na vilivyo kwenye mstari wa … hadi …, ambavyo ni malighafi za kufundishia, chini ya jedwali hilohilo, kwa matumizi ya taasisi. Tunaomba pia msamaha wa VAT kwa mujibu wa jedwali la Sheria ya VAT ya 2014.*

*Vifaa vyote vitabaki mali ya shule, havitauzwa wala kuhamishwa bila idhini yako.*

Shule ya serikali huipitisha kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Usiruke ngazi hiyo, barua itarudishwa. Viambatisho ninavyoweka ni ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, barua ya mfadhili, cheti cha usajili, barua ya ofisi ya Ustawi wa Jamii au ofisa elimu maalumu wa wilaya inayothibitisha idadi ya wanafunzi, na kitu kimoja ambacho wengi hawakifikirii: ukurasa wa katalogi ya mtengenezaji wenye picha, uliochapwa kwa rangi. Picha humaliza ubishi ambao barua ya kurasa nne haiwezi kuumaliza.

Mtu binafsi anaomba kwa jina lake, na badala ya cheti cha shule anaweka ripoti ya daktari wa macho wa hospitali inayotambulika na barua ya Ustawi wa Jamii. Barua ya chama cha wasioona husaidia. Ripoti ya daktari iseme kwa maneno mepesi hali ya macho na kifaa anachohitaji. Ile yenye vifupisho vya Kilatini tupu humlazimisha ofisa akisie.

Kama kifaa ni kigeni, chenye kamera na sauti kwa pamoja, usibahatishe namba. Sheria inakuruhusu kuomba uamuzi wa maandishi kutoka forodha kabla ya kuagiza: eleza kifaa, weka picha na maelezo ya kiufundi, uliza kinaingia namba ipi. Ukishaupata, unautumia kwa mizigo inayofuata ya kifaa hichohicho, mradi muda wake haujaisha. Mawakala wengi hatupendi kuwaambia wateja habari hii, na sababu mnaijua.

Ofisi nyingine zinazoweza kukushika

Msamaha wa TRA haumfungi mtu wa TBS (shirika la viwango) wala wa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Lenzi, miwani ya uoni hafifu na chochote kinachohesabiwa kifaa tiba, waulize TMDA kabla ya kuagiza. Chenye laini ya simu au redio ndani yake, TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Vya umeme kwa idadi kubwa, TBS watataka ukaguzi wa ubora ufanyike kule vinakotoka. Kompyuta zilizotumika ni kesi peke yake, na kwa kweli huwa nawashauri wafadhili watume chache mpya badala ya nyingi zilizochoka.

Posta, ndege na begi mkononi

Kuna msamaha mwingine ambao watu huuchanganya na huu. Umoja wa Posta Duniani unaruhusu vitu vya wasioona, hadi kilo 7, visafirishwe bila kulipia posta, isipokuwa nyongeza ya ndege pale inapotozwa. Vitu hivyo ni pamoja na maandishi ya nukta nundu, rekodi za sauti na vifaa vilivyotengenezwa kumsaidia asiyeona. Mtumaji huweka lebo yenye alama ya mtu mwenye fimbo. Mashine ya Perkins ina uzito wa karibu kilo 5, kwa hiyo moja inaingia. Lakini huo ni msamaha wa nauli ya posta. Forodha ya Posta bado itataka fomu ya tamko la forodha, CN 22 au CN 23, iliyojazwa vizuri, na ushuru unaombewa msamaha kwa njia ileile niliyoeleza. Lebo haiombi kwa niaba yako.

Kampuni za usafirishaji wa haraka zina tatizo lake: hutoa tamko la mzigo wenyewe kwa kasi, hulipa kodi, kisha hukuletea bili mlangoni. Ukitaka msamaha, wape taarifa kwa maandishi kabla kifurushi hakijatua kwamba wasikitoe mpaka uwape barua.

Anayesafiri na fimbo yake, mashine yake au kifaa chake cha kusomea, hivyo ni vitu vyake binafsi, apite navyo. Fimbo mpya kumi kwenye mifuko yake ya plastiki zinaonekana biashara, hata kama ni zawadi za kanisa. Hizo zitumie nyaraka.

Kuhusu gari, najua mtaniuliza. Jedwali linataja gari moja, lakini ni kwa masharti yake na kwa lililobuniwa kwa mtu mwenye ulemavu. Hiyo ni safari nyingine, na matapeli wake ni wengi. Ukiona mtu anakuomba jina lako na ripoti yako ya daktari akuletee "gari la msamaha" mgawane, kimbia.

Zanzibar, Kenya na mizigo ya kaskazini

Zanzibar ushuru wa forodha ni TRA na sheria ileile, ila VAT wana yao, kwa hiyo barua ya VAT haiendi kwa mtu yuleyule. Kenya wenzetu sharti lao la kwanza ni usajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Bila kadi hiyo KRA, mamlaka yao ya mapato, haikusikilizi. Na mzigo wa shule ya Moshi au Arusha ukishukia Mombasa, msamaha unaombwa TRA, si KRA, kwa sababu chini ya himaya moja ya forodha tamko hutolewa kwa nchi unakokwenda mzigo.

Ukikataliwa, au ukiwa umeshalipa

Jibu la mdomo si jibu. Omba uamuzi wa maandishi, na kuanzia tarehe yake una siku 30 za kumwandikia Kamishna aupitie upya. Taja mlango wa sheria ulioombea, eleza alichokikataa ofisa, na ongeza ushahidi uliokosekana mara ya kwanza. Kurudia barua ileile ni kupoteza nafasi. Naye ana siku 30 za kukujibu kwa maandishi. Asiporidhisha, una siku 45 za kwenda Bodi ya Rufaa za Kodi. Sijawahi kufika huko kwa fimbo na mashine. Mara nyingi barua ya pili yenye picha na hesabu ya wanafunzi imetosha.

Kama ulilipa ushuru wa kifaa kilichostahili msamaha, una miezi 12 tangu siku ya kulipa kudai urejeshewe. Kwa mzigo mdogo, wakati mwingine naona busara kulipa, mtoto apate mashine yake muhula usimpite, kisha kudai. Kwa mzigo mkubwa hapana, kwa maana hela ikishaingia hazina hurudi kwa mwendo wake.

Mzigo ukishatoka, fungua jalada. Nyaraka zitunzwe miaka mitano. Orodhesha kila mashine kwa namba yake na jina la mwanafunzi au darasa inakokaa, kwa sababu wakaguzi wana haki ya kuja kuangalia kama kweli mashine ishirini ziko darasani. Ukitaka kuiuza au kuihamishia shule nyingine, andika kuomba idhini kwanza. Ukiiuza kimyakimya, ushuru uliosamehewa unadaiwa. Mashine ikiharibika kabisa, hiyo nayo iandikwe, na mabaki yake yabaki stoo mpaka mkaguzi ayaone.

Wakala akikupa bei, mwombe akutenganishie kwa maandishi: ada yake kiasi gani, bandari kiasi gani, kampuni ya meli kiasi gani, TRA kiasi gani. Palipo na msamaha, mstari wa TRA lazima uwe na namba ya malipo iliyotoka kwenye mfumo. Asiyekuonyesha namba hiyo, usimpe hela.